Mshipa wa Mzee Alute

Anifa, acha unachofanya unisome.

Leo wodini nimetumwa kumtoa damu ya kupima Mzee Alute, yule wa Mwankoko aliyeharisha mpaka akabaki mifupa. Mishipa yote imezama. Nimefunga mpira mkono wa kulia, nimechoma, hakuna kitu. Kushoto, hakuna.

Binti yake, Happiness, alikuwa amemshika kichwa. Mzee akasema taratibu, "Endelea tu mwanangu, huniumizi."

Ananifariji mimi, Anifa. Mimi!

Nikainama, nikapapasa nyuma ya kiganja, nikachoma tena. Damu ikaanza kuingia kwenye chupa, nyeusi, polepole. Nikapaza sauti kwa furaha, "Nimeupata! Mzee, nimeupata!"

Happiness akasema, "Sista, mbona baba hapumui?"

Muda wote nilikuwa naangalia mkono. Mkono tu! Daktari alikuja mbio, tukamkandamiza kifua, haikusaidia.

Yaani nilishangilia. Mtu anakata roho, mimi nashangilia.

Baadaye Happiness akaniona bado nimeishika ile chupa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hiyo sasa mnampimia nani?"