Hatua Ulizoniomba Nikutumie

Mpendwa Dada Amoit,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema sisi hatujambo na tunatumai nawe hujambo. Nimejaribu kuanza hivyo, nikafuta. Tata, nyanya yetu, yuko, kuku wapo, mahindi yameota. Kwamba hatujambo, hilo sitaliandika.

Jumapili ulipopiga simu uliniuliza mbona niko kimya. Kisha ukacheka, ukasema, "Kadogo na aibu zako." Unanijua. Tangu utotoni mgeni akifika hapa Moding mimi nilikuwa nyuma ya sketi yako, na hadi leo maneno yangu hukwama nikishika simu. Lakini Jumapili haikuwa aibu. Nimeamua kukuandikia barua ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu jambo hili lilifanywa kimya kimya na mimi nimeuchoka ukimya.

Nianze na mpera wetu pale uani. Wewe ndiwe uliyenisimulia, mimi sikumbuki. Mama alikuwa akiamkia sokoni Malaba kuuza nyanya, na mimi nikabaki mikononi mwako, wewe mwenyewe ukiwa bado mtoto wa kutumwa dukani. Ukaniegemeza kwenye shina la mpera, ukarudi nyuma na kipande cha kiazi kitamu, ukaniita. Ulijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote. Wageni wakija ulikuwa ukiwaambia, "Huyu nilimfundisha kutembea mimi. Kwa kiazi kimoja tu!" Mama alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho na leso. Hata alipotuacha, ulipokuwa ukinisuka nywele kabla ya shule, ulinirudia hadithi ile ili nisilie.

Halafu alizaliwa mwanao, Etyang. Kuna jioni moja ulikuwa unamwogesha kwenye karai, naye anapiga maji kwa visigino mpaka mimi nikalowa. Ukaniambia, "Miguu nilikupa mimi. Wewe utampa huyu." Nililichukua neno lile kama kazi. Wewe ulikuwa unatania labda. Mimi huchukua mambo kwa uzito, unajua hivyo pia.

Ulipoondoka kwenda Nakuru kutafuta kazi ya saluni, Etyang alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Kila likizo nilimkuta mgongoni kwa Tata. Akipalilia, mtoto yuko mgongoni. Akienda kisimani, yuko mgongoni. Alikuwa mzito kama debe la mahindi, na nyanya yetu si msichana tena, lakini ukimfungua umweke chini, hata kabla hajashika udongo vizuri, Tata amekuja kumbeba.

Mama Asere, jirani yetu muuza dagaa wa omena, hakunyamaza. Siku moja alisimama langoni na beseni kichwani akapiga kelele, "Tata! Hiyo mtoto unaibeba kama magendo! Unaogopa watu wa kastam?"

"Ardhi haitoroki," Tata akamjibu.

"Basi atatembea siku ya kupiga kura! Ataingia kwa debe akiwa mgongoni!"

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tata hakucheka. Alikaza fundo la leso kifuani akaenda zake jikoni.

Nilipomaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani na sanduku langu, Etyang alikuwa ana meno ya kutosha kung'ata muwa, lakini alikuwa bado anatambaa. Watoto wa rika lake walikuwa wanafukuza mbuzi. Nikaanza kuogopa. Nilimpapasa magoti, nikamtazama nyayo, nikafungua vitabu vyangu vya bayolojia kutafuta magonjwa ya mifupa. Kumbe mifupa yake ilikuwa mizima kabisa. Hakuwa na ugonjwa ila leso ya Tata.

Wakati huo ndipo ulipompa dereva wa lori ile simu aniletee Malaba. Nilimsubiri kando ya foleni ya malori tangu asubuhi, naona haya kuwauliza madereva, mpaka yeye mwenyewe akaniita, "Wewe ndiye Kadogo? Unafanana na dada yako, ila wewe hauongei." Nilirudi nyumbani nimeikumbatia kama yai. Ukapiga siku hiyo hiyo. "Hiyo ni zawadi ya kumaliza shule. Lakini pia unitumie video ya kijana, sawa? Siku atatembea, usiniache nyuma. Aki nimemmiss."

Nililia, Dada. Nilikuwa nimeanza kuwaza kwamba umetusahau, nikajuta kuwaza hivyo. Nikaapa kwamba sitakuacha nyuma.

Basi nikaanza kazi. Tata akienda shambani mbali, au kwenye mkutano wa akina mama kanisani, mimi na Etyang tulikuwa mperani. Nilimchemshia kiazi kitamu. "Dede," namwambia, "simama dede." Anasimama, anatikisika, anakaa kwa kishindo, anakasirikia udongo kana kwamba ndio uliomsukuma. Alijifunza kushika gamba la mpera kwa kucha. Alijifunza kuachia mkono mmoja. Na alasiri moja, simu nimeiegemeza juu ya sufuria iliyopinduliwa, aliachia yote miwili akaja. Hakuja kwa kiazi. Alikipita kabisa, akaja akaligonga goti langu kwa paji la uso, akacheka.

Ile ndiyo video niliyokutumia. Ulinijibu papo hapo kwa mioyo mingi myekundu: "Asante sana Kadogo. Hujui umenisaidia aje." Kweli nilikuwa sijui.

Tata aliporudi alimkuta Etyang amesimama, ameshikilia jerikeni la maji, anajitikisa kama mtu aliye kwenye harusi. Nilitarajia atapiga vigelegele. Alikaa kwenye kigoda, mkoba wake ungali begani. Akaivua ile leso kiunoni, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkono.

"Umemshusha," akasema.

"Anatembea, Tata! Nimemtumia dada video!"

Aliiweka leso mapajani. "Basi," akasema. "Basi, mwanangu."

Nilidhani anaona wivu kwa kuwa hakuwapo.

Jumamosi iliyofuata Baba Mkubwa alifika mapema, akaamuru uwanja ufagiliwe na jogoo achinjwe. Nilimuuliza ni wageni gani. "Watu wa ng'ambo," akasema, na mimi nikafikiria ni mambo ya shamba. Walikuja watu watatu, na mbele yao kijana akimvuta mtamba wa ng'ombe mwekundu, mnene, mwenye doa jeupe usoni. Kijana yule nilimtambua. Ni yule fundi wa pikipiki wa upande wa Uganda, ambaye jina lake huwa halitajwi nyumbani kwetu. Baba yake Etyang. Hakunitazama.

Nilipeleka maji ya kunawa. Nilipeleka soda. Nilipita nikiwa nimeinamisha kichwa, kama nilivyolelewa. Nilipofika kwa mama yake yule kijana, alikuwa anamwonyesha Baba Mkubwa kitu kwenye simu. Nikasikia sauti. "Dede, Etyang! Njoo, njoo kwa mama mdogo!" Ilikuwa sauti yangu, Dada. Sauti yangu ilikuwa inacheka ndani ya simu ya mtu nisiyemjua.

"Ndiyo huyu," mama yule akasema. "Tuliletewa na mama yake mwenyewe. Tukasema sasa twende, makubaliano ni makubaliano. Yuko wapi Owor wetu?"

Owor. Wamempa jina lao.

Wakataka wamwone akitembea. Wakamweka katikati ya uwanja uliofagiliwa na mikono yangu, wakamwita kwa kupiga makofi, kwa biskuti, kwa funguo za pikipiki. Etyang akakaa chini akachezea mchanga. Wakacheka. Baba Mkubwa akanigeukia, "Muite wewe. Wewe ndiye anakusikia."

Sikumuita. Nilisimama pale na trei yangu, mdomo nimeufunga. Mama Asere, ambaye alikuwa amekuja kusaidia kupika, akasema kwa sauti ya kunitetea, "Huyu mwacheni, huyu ana aibu." Watu wote wakakubali kwamba ni aibu. Na mimi nikaomba ndani ya moyo wangu, kaa hapo hapo, mtoto wangu, kaa chini.

Lakini aliinua kichwa akaniona. Akaweka mikono chini, akajinyanyua, na bila mtu yeyote kumwita, akaja kwangu. Alivuka uwanja wote. Hakuanguka hata mara moja. Akashika sketi yangu, wageni wakapiga vigelegele ambavyo Tata alikataa kuvipiga.

Mama yule alikuja akanishika bega. Si mtu mbaya, siwezi kumsingizia. "Nani alimfundisha? Ni wewe? Asante sana, mwanangu. Umetufanyia kazi."

Nami nikajibu, "Asante, mama." Adabu ilinijibia kabla moyo wangu haujapata neno.

Tata alimpa leso yake ile ile amfungie mgongoni. "Ameizoea," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la pekee mbele ya wageni. Kwa sababu ya leso ile Etyang hakulia. Alidhani anapelekwa kisimani. Alinipungia mkono mpaka kwenye kona, anacheka, kisha nikamsikia akiwa ameshapita kona, na hakuwa anacheka tena.

Tata ndiye aliyenieleza baadaye, tukiwa tunaosha vyombo vya wageni. Kwamba mlikaa kikao humu nyumbani mimi nikiwa shuleni. Kwamba mlisema mtoto anayetambaa hatolewi kwa mama zake, lakini akishatembea, wenyewe waje na mtamba wamchukue. Kwamba mwanamume wa Nakuru anayetaka kukuoa ni mtu mzuri lakini watu wake hawataki bibi arusi anayeingia na mtoto. Kwamba uliwaambia wote wasinieleze, kwa sababu "Kadogo atalia, na ana mtihani." Mtihani uliisha. Wakaendelea kunyamaza.

Tata hakuwa na nguvu ya kuvunja neno lililopitishwa na Baba Mkubwa na wewe. Alikuwa na mgongo tu. Akautumia. Mwanamke wa umri wake alibeba mtoto mzito kutwa nzima ili nyayo zake zisiguse ardhi, na mimi, na vitabu vyangu vya bayolojia, nikamsahihisha.

Sasa anasema mgongo unamuuma. Nilimuuliza ni kwa sababu ya kubeba? Akasema, "Hapana. Unaniuma kwa wepesi."

Mtamba tumemfunga kwenye mpera. Mimi ndiye ninayemletea maji na majani. Nilitaka kumchukia, na siku ya kwanza niliweza. Lakini alilia kutwa, shingo ameinyoosha kuelekea daraja la mpakani, na Mama Asere akasema bado anamtafuta mamake. Sikuweza kuendelea. Tayari amelichubua gamba pale ambapo Etyang alikuwa anashika.

Siku hizi namsaidia Mama Asere sokoni Malaba. Mteja akiniuliza bei, yeye ndiye hunijibia. Kazi ikipungua nasogea mpaka mahali ambapo daraja linaonekana. Watu wanavuka na magodoro, na ndizi, na watoto. Natazama miguu ya watoto. Baba Mkubwa amenikataza kuvuka. Amesema mtoto aliyetolewa hafuatwi mpaka mama yake mwenyewe aende kwanza akamsalimie, la sivyo tutaonekana tunarudisha neno. Nimemuuliza mara nyingi kwa vile ninavyoweza kuuliza, yaani kwa kusimama mlangoni pake bila kusema kitu. Jibu ni lile lile. Mama yake aende kwanza.

Nimejaribu kukuelewa. Mama alitufia sote wawili, na najua kuna usiku ulijiuliza ni nani atakuoa wewe mwenye mdogo wa kulea, na hukuniacha. Labda ulichoka kuwa mtu asiyeacha watu. Ungeniambia hivyo ningelia, ndiyo, kisha ningekusaidia kufikiri. Lakini ulisema "nimemmiss." Sijui kama ulidanganya. Inawezekana ulimmiss kweli na ukaipeleka ile video hata hivyo, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi, kwa sababu siwezi hata kukuita mwongo nikamaliza.

Jumapili, baada ya kucheka aibu zangu, ulishusha sauti. Nadhani huyo mwanamume wako alikuwa karibu. Ukauliza kama sina video nyingine ya Etyang. Ukasema ile ya kwanza uliifuta.

Ninayo. Niliichukua asubuhi ya ile Jumamosi, kabla sijaanza kufagia. Ni ndefu kuliko ya kwanza. Anatembea, na kuna kitu anachokifanya anapofika kwa kuku, na kuna neno analolisema. Tata huniomba nimwonyeshe kila tukimaliza chai. Wewe sitakutumia. Hata ukipiga kila siku, sitakutumia. Video ya kutembea kwake ulishapewa, na uliona ilivyotumika.

Ukitaka kujua mwanao anatembeaje, kuna gari linalotoka Nakuru kila asubuhi. Litakushusha Malaba. Mimi nitakuwa pale na beseni la omena, na sitaficha uso. Kutoka hapo hadi ng'ambo ni daraja tu, watu huvuka kwa miguu.

Na kutembea unajua. Wengine tulifundishwa na wewe.

Kwaheri, Dada. Tata anasema nikusalimie, nami nimefikisha.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa kiazi kimoja.