Maji Yanatoka Kama Uzi

Jumapili, 5 Mei

Maji ya jikoni hayana nguvu. Yanatoka kama uzi! Mke wangu ameweka sufuria chini ya bomba, akaenda kufagia sebule yote, akarudi — hayajafika hata nusu.

"Baba watoto, hili bomba limezeeka au limetuchoka?"

Nikamwambia nitaliangalia. Bafuni maji yako sawa, lakini yale yanashuka kutoka kwenye tangi la juu. Ya jikoni yanakuja moja kwa moja kutoka bomba la barabarani. Kwa hiyo ugonjwa uko upande wa jikoni tu.

Mpaka Ijumaa hapakuwa na shida. Jumamosi ndiyo yameharibika. Na Jumamosi ndiyo siku ambayo shemeji aliwasha pampu yake mpya! Shemeji ni mdogo wake mke wangu, kinyozi, anakaa chumba cha uani na ananyolea watu kwenye kibaraza chake. Maji yake yamechukuliwa kutoka kwenye bomba letu, hapo hapo ukutani nyuma ya sinki. Pampu ni ya kuoshea vichwa vya wateja.

Jumamosi hiyo hiyo mimi nilibadilisha valvu chini ya sinki, ile ya zamani ilikuwa inavuja. Mpya inang'aa. Haivuji hata tone. Kazi safi.

Sijamwambia mtu kuhusu pampu. Lakini nimeshaweka moyoni.

Jumatatu, 6 Mei

Nimefungua kile kichujio kidogo cha mdomoni mwa bomba. Mchanga kidogo, chokaa kidogo. Nimekiloweka kwenye siki, nimekisugua kwa mswaki wa zamani, nimekirudisha. Uzi ule ule.

Mke wangu: bomba limeoga, limepiga mswaki, limekataa kazi. Anacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 7 Mei

Leo nimejiaibisha. Wakati ule nilijiona nina haki.

Nimerudi kutoka kiwandani — kutwa nzima kupima mbao — nikakuta vyombo vya mchana bado viko kwenye sinki. Mke wangu anachota maji bafuni kwa ndoo, mgongo unamuuma. Uani nasikia pampu inanguruma. Damu ikanipanda.

Nikatoka. Kibarazani palikuwa na wateja watatu, na mmoja ana povu kichwa kizima, macho ameyafumba. Nikasema mbele yao wote: wewe unanyonya maji ya dada yako, yeye anabeba ndoo kama punda na wewe unaosha vichwa vya watu! Mwizi ni mwizi tu, hata akiwa wa nyumbani.

Neno hilo nimelisema mimi. Mwizi.

Shemeji akazima pampu. Akasema taratibu, "Shemeji, ungeniita pembeni." Basi.

Yule wa povu akauliza huku macho kayafumba, "Jamani, ugomvi wenu sawa, lakini mimi nasuuzwa na nani?" Wenzake wakacheka. Shemeji hakucheka. Akachukua kopo, akamsuuza mteja wake polepole, maji yasimwingie machoni.

Alhamisi, 9 Mei

Shemeji haji kula tena. Jana mke wangu alimpelekea sahani, akarudi nayo kama ilivyo. Kasema ameshiba. Leo hakupeleka. Tumekula wawili tu, watoto wako shule ya bweni.

Huyu shemeji mke wangu kamlea. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Nimeyajua haya tangu tuoane, na bado nikafungua mdomo.

Lakini mbona maji hayatoki? Nimekagua koki kubwa ya nje karibu na mita. Iko wazi mpaka mwisho. Nimeulizia kwa majirani, kwao maji yanatoka kwa kishindo. Kwa hiyo ni nani tena kama si pampu? Ndivyo nilivyokuwa najiambia siku nzima.

Ijumaa, 10 Mei



Kiwandani umeme umekatika, tukaruhusiwa mapema. Nyumbani hapakuwa na mtu, mke wangu kaenda sokoni. Nikasema leo nitalifuata hili tatizo hatua kwa hatua, bila kelele.

Nikatoa ule mpira unaopanda kwenda kwenye bomba. Nikauelekeza kwenye ndoo, nikafungua valvu. Uzi. Basi bomba halina kosa. Nikautoa mpira wenyewe kwenye valvu, nikafungua tena. Uzi, na sasa unatoka kwenye valvu yenyewe. Basi mpira nao hauna kosa. Nikabaki naitazama valvu yangu inayong'aa.

Nikafunga koki ya nje, nikarudi na spana, nikaifungua valvu. Nyuma yake, ndani ya bomba la ukutani, kuna kitu cha njano. Nikakivuta kwa koleo.

Sponji! Kipande cha sponji ya kuoshea vyombo!

Nikakaa sakafuni. Nikakumbuka yote. Jumamosi ile nilitoa valvu ya zamani kabla sijanunua mpya. Koki ya nje nilikuwa nimeifunga, lakini bomba likawa bado linadondosha matone ndani ya kabati. Nikakata kipande cha sponji, nikakisokomeza kwenye bomba, nikakimbilia dukani. Kilizama ndani. Niliporudi sikukiona, sikukumbuka, nikafunga valvu juu yake na kujipongeza. Sponji haizuii maji yote. Inayachuja tu, yanatoka kama uzi.

Jumamosi moja, mambo mawili. Nikaona la mwenzangu tu.

Nimefunga kila kitu, nimefungua koki. Maji yamekuja kwa nguvu mpaka yamenirukia shati. Hapo ndipo mke wangu akaingia na kikapu chake. Akasimama mlangoni anayatazama maji.

Akasema, "Kumbe ni kweli."

Nikamuuliza kweli nini. Akaniambia leo asubuhi mdogo wake kachomoa pampu, kafunga na koki yake, kasema hataki tena maji yetu, atachota kwa jirani. "Na tazama — siku aliyofunga ndiyo maji yamerudi! Nimemtetea bure. Nisamehe, baba watoto."

Sponji ilikuwa mfukoni mwangu. Imelowa, naisikia pajani. Ningeitoa pale pale yangeisha. Ningesema maneno matatu tu.

Nikasema, "Haya, yamepita." Nikaenda kubadilisha shati.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu ameenda uani asubuhi. Nilikuwa dirishani. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alimwambia mdogo wake: nimekulea kwa maji ya kuchota mtoni, leo unanificha maji ya bomba? Ulishindwa kuniambia pampu inavuta? Shemeji akasema hakujua. Dada mtu akasema, hukujua au hukutaka kujua?

Maneno hayo yalikuwa yangu. Yeye kayapokea kwa niaba yangu.

Jioni shemeji akagonga mlango. Mimi nilifungua. Kavua kofia, kaishika mbele ya tumbo kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Mimi na mambo ya mabomba hatujuani. Labda kweli ilikuwa inavuta, mimi nimenunua tu nikachomeka."

Ananiomba msamaha! Mimi!

Nikamwambia yameisha, kaa ule. Akasema hapana, anafunga mizigo. Kuna rafiki yake ana chumba upande wa pili wa mji, kesho kutwa anahamisha kiti na vioo. Pampu ananiachia mimi, yeye haitaki tena. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, akasema tu, "Heri iwe hivyo." Kisha akaenda jikoni, akafungua maji kwa nguvu, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sijala.

Jumapili, 12 Mei

Leo nimekwenda kunyolewa.

Sikuwa na njia nyingine ya kukaa naye bila kutazamana uso kwa uso. Nusu ya vitu vyake imeshafungwa kwa kamba, kiti bado kimesimama. Akanifunga shuka shingoni, akauliza kama kawaida yake, "Kama siku zote?" Nikasema kama siku zote. Mashine ikaanza. Akanyoa upande wa kushoto wote, anazungumza habari za huko anakohamia, kwamba kuna kelele lakini wateja wapo.

Nikasema, "Zima kidogo."

Akadhani imenichoma. Akazima. Nikamwambia. Nimemwambia kila kitu — sponji, duka, valvu, Ijumaa, shati. Nikamwambia na lile la mfukoni, kwamba dada yake aliniomba msamaha na mimi nikanyamaza. Nikamwambia mwizi ni mimi. Nimemuibia dada yake.

Nikasikia anapuliza nywele kwenye mashine. Kwanza nilidhani analia, kumbe anacheka, ile ya kuzuia puani.

"Sponji, shemeji?"

"Sponji."

"Ya vyombo?"

"Ya vyombo."

Halafu akaacha kucheka. Akaniambia usiku wa jana hakulala, alikuwa anaiwaza pampu, anajiuliza kama kweli yeye ni mtu wa namna hiyo. Akauliza, "Dada anajua?"

Nikasema bado.

Akachomoa waya wa mashine. Akauzungushia mkononi taratibu, akaiweka mashine juu ya boksi. "Nusu ya pili nitainyoa ukishamwambia. Mimi simwambii. Nikimwambia mimi, atasema najitetea."

Nikamwambia, jamani, kesho nina kazi. Akasema, "Ndiyo maana."

Nikamuuliza, nikimwambia, utafungua mizigo? Akaniambia hajui. Akaniambia nisimfanyie biashara.

Basi nimeingia chumbani kuchukua sponji kwenye suruali. Ninayo hapa, imekauka, imekuwa ngumu kama gamba. Nimejitazama kwenye kioo. Kushoto nimenyolewa safi, kulia nywele zimesimama. Shuka la kinyozi bado liko shingoni, nimesahau kulivua.

Shemeji ameingia jikoni kwa mlango wa nyuma, mara ya kwanza tangu Jumanne. Nasikia kiti kinavutwa. Mke wangu anamuuliza amekuja kuaga mapema hivi? Yeye anajibu hapana, anamsubiri mumewe. Anamuuliza mume ana nini. Anajibu, "Mwenyewe atasema."

Sasa ananiita. "Baba watoto! Unatafuta nini huko muda wote huo?"

Nimevaa kofia. Nimeivua. Naenda hivi hivi —