Mtani Hapewi Shikamoo

Tabora, 8 Mei 2024

Kwa Shomari, mla nazi,

Mimi mzima, mke wangu Benedikta mzima, watoto wazima, ofisi nzima. Afya yako siulizi. Mtu anayelala hotelini Dodoma kwa fedha ya serikali hawezi kuumwa.

Simu zako nimeziona na sipokei. Mpaka hayo mafunzo yako yaishe, ukitaka kuniambia neno niandikie barua, uikimbize stendi uwape watu wa basi, utoke jasho kidogo. Babu zangu Wanyamwezi walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, na ninyi Wazaramo mkakaa kando ya njia mkiwadai hongo ya kupita. Badala ya kuchinjana tukafanyana watani. Basi nawe leo beba hata karatasi.

Sasa nikuulize. Ulipohamishiwa hapa na begi moja, nani alikupokea stesheni? Nani alikufundisha kuandika taarifa kwa vyombo vya habari bila kumuudhi diwani? Halafu inakuja nafasi moja tu kwa halmashauri yetu, mafunzo ya diplomasia ya kidijitali na kupambana na uzushi mtandaoni, na tunaambiwa watakaofanya vizuri watapelekwa kwenye balozi zetu nje. Mkurugenzi anasema aende Shomari, ana kasi. Mimi niliyejifunza Kifaransa jioni kwa padri tangu kijana, nikingojea siku kama hiyo, nikabaki napiga picha za uzinduzi wa vyoo. Wewe hata bonjour unaitamka kama jina la samaki.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe ulikuja, mwenyeji nikaugua.

Niandikie wanachofundisha, usiruke kitu.

Mtani wako,
Lugembe


Dodoma, 13 Mei 2024

Kwa Lugembe, mpagazi wangu,

Mwangaluka, kama mnavyoamkiana kwenu. Umenizidi umri lakini shikamoo sikupi, maana mtani hapewi shikamoo. Shemeji Benedikta hajambo? Kile kifua kimepona? Watoto nao? Mimi mzima. Barua nimeandika, jasho limenitoka, umefurahi?

Tuko maafisa habari kutoka kila pembe ya nchi, na wageni kutoka Burundi na Zambia. Asubuhi tunafundishwa namna ya kuisemea nchi mtandaoni, lini ujibu, lini unyamaze, namna ya kumsahihisha jirani bila kumvunjia heshima. Mchana tunawinda uzushi. Tunaletewa picha za mafuriko ya nchi nyingine zikidaiwa ni za Rufiji, au sauti ya kiongozi iliyotengenezwa na kompyuta, nasi tunaambiwa tafuteni uongo uko wapi. Raha yake ni kama kutafuta chawa kwenye kichwa cha mtu usiyempenda.

Mkufunzi wetu mkuu ni mama mmoja anaitwa Urmi, mzaliwa wa hapohapo Tabora, baba yake alikuwa na duka la vitambaa sokoni. Anasema kila mwenye simu ni balozi wa nchi yake. Tena anasema uongo mbaya kuliko wote ni ule uliovaa sare ya serikali, kwa sababu watu huupigia saluti kabla ya kuutazama usoni.

Chakula ni kingi, kaka. Leo nimekula samaki, kuku na mbuzi, kwa wakati mmoja.

Ijumaa usiache kile kipengele chetu cha utani kwenye ukurasa wa halmashauri mtandaoni. Watu wanakisubiri, na sasa sipo kukujibu, utanitukana upendavyo.

Mtani wako,
Shomari


Tabora, 16 Mei 2024

Kwa Shomari, mla nyama tatu,

Salamu nimezipata. Kifua cha Benedikta kimepona, sasa kinachouma ni changu.

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena. Samaki, kuku na mbuzi. Jana nilikuwa kijijini kwetu Kigwa nikipiga picha ya mwenyekiti akipokea ndoo. Jua lilinichoma, betri ikaisha, mwenyekiti akataka arudie kupokea. Nikakuwaza umekaa kwenye kiti cha kuzunguka, unamsahihisha jirani bila kumvunjia heshima, nikaona maji ya kunywa yananipalia.

Nikifika nyumbani Benedikta ananiambia, muombee mwenzio. Namuombea nini? Apewe mlo wa nne?

Nimenunua jogoo gulioni. Nimempa jina Balozi, kwa sababu anawika saa zote na hana habari yoyote. Asubuhi namwambia, Mheshimiwa, msimamo wa nchi ni upi? Anakunya. Napata nafuu kidogo.

Kesho ni Ijumaa. Ukurasa uko mikononi mwangu peke yangu. Jiandae.

Mtani wako,
Lugembe


Dodoma, 21 Mei 2024

Kwa Lugembe,

Salamu kwa shemeji na watoto. Mimi mzima. Nalisema hilo mapema kwa faida ya waliosikia vingine.

Ijumaa niliiona kazi yako. TANZIA kwa herufi nyekundu, nembo ya halmashauri juu, picha yangu nimesinzia kwenye kiti cha ofisini, na maneno kwamba Wazaramo, mwenzenu Shomari amefariki Dodoma kwa kuvimbiwa chakula cha hoteli, leteni ubani Tabora, bila ubani maiti hatuitoi. Nilicheka, wallahi. Niliwaonyesha wenzangu mezani.

Lakini watu waliirusha, na kila aliyeirusha aliikata kidogo. Ilipofika kwetu Kisarawe ilikuwa imebaki nembo, picha, na "Shomari amefariki Dodoma". Mama aliambiwa Jumamosi alfajiri. Mimi nilikuwa kwenye mtihani, simu zimekusanywa. Nilipoiwasha mchana walikuwa wamefunga turubai, wamechinja, na wajomba wamekodi gari la kunifuata. Mama aliposikia sauti yangu alilia hadi nikaogopa. Akauliza nani kaandika. Nikamwambia ni Mnyamwezi mmoja, mtani wangu. Akasema, "Ungesema mapema, mwanangu. Nimeshachinja kuku wote."

Jumatatu Mama Urmi akaiweka ukutani, kubwa kama mlango. Akasema huu ndio uongo uliovaa sare, na ni wa wiki hii. Halmashauri hii ni ya nani hapa? Nikanyoosha mkono. Marehemu akanyoosha mkono, ukumbi mzima ukageuka.

Nilikutetea. Nikawaeleza njia ya misafara, pembe, hongo, na namna watu wawili wanavyoweza kuzikana mdomoni wakapendana moyoni. Nikasema kosa ni kwamba utani umewekewa nembo, si kwamba kuna mtu alitaka kudanganya. Warundi walipiga makofi. Mama Urmi alicheka, na akaandika kitu.

Hayo nilisema mbele za watu. Sasa tuko wawili. Umeniua mara nyingi, Lugembe. Umenizika harusini kwa dada yako, umenipiga mnada pale dukani kwa Fakhrudin mbele ya wateja, na kila mara nilikuwa nimesimama mbele yako. Utani husemwa usoni. Safari hii ulisubiri nipande basi, ukaazima nembo ya serikali. Huo si utani. Hicho ni kijicho.

Mtani wako, kama bado,
Shomari


Tabora, 12 Juni 2024

Kwa Ndugu Shomari, Afisa Mawasiliano Mteule,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na familia yako. Mimi na familia yangu hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Nimepata taarifa ya kuteuliwa kwako kwenda ubalozini Bujumbura. Nimeelezwa kwamba maelezo yako kuhusu utani ndiyo yaliyowavutia wakufunzi. Napenda kukupongeza kwa dhati. Chanda chema huvikwa pete.

Kwa upande wangu, nimepewa onyo la maandishi, na paswedi ya ukurasa sasa anayo Julieth wa utumishi. Uamuzi huo ni wa haki. Kipengele cha Ijumaa kimefutwa. Mama yako mzazi naomba umfikishie samahani zangu.

Vitu vyako vilivyokuwa mezani nimevifunga kwenye boksi na kuviacha mapokezi.

Nakutakia utumishi mwema.

Lugembe


Dodoma, 18 Juni 2024

Shikamoo kaka Lugembe,

Umeona ulichonifanya? Nimekuamkia.

Shemeji hajambo? Watoto? Mimi mwili ni mzima. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta tusi hata moja, hata dogo, sikulipata. Umeniita Ndugu. Umeniombea utumishi mwema. Kaka, tangazo la kifo halikuniuma hivi.

Najua kinachokuchoma. Ulinizika ili unipunguze, nami nikafufukia Bujumbura. Ningekuwa wewe ningetafuna mlango. Lakini nifanye nini? Nikatae? Nikikataa hawakupi wewe, wanampa mtu wa Arusha. Nilimwambia Mama Urmi kwamba Kifaransa unakijua wewe, akasema mwenye onyo faili lake halitembei mwaka huu. Nilikuonea huruma, halafu nikajificha nayo, maana najua huruma yangu ungeitema.

Nasafiri kwa treni. Jumapili ya tarehe saba Julai nitapita Tabora. Unajua wanavyokaa pale kukata mabehewa, ya Mwanza huku na ya Kigoma huku, kuna saa kadhaa. Njoo stesheni. Njoo unitukane kidogo tu, nipate nguvu ya safari.

Mama anasema samahani haitaki, anataka kuku wake.

Mdogo wako, kwa kuwa umenilazimisha,
Shomari


Kigoma, 9 Julai 2024

Kwa Lugembe,

Barua ya Juni hukuijibu. Stesheni nilisimama, nikaangalia kila kofia, hukuja. Nikachukua bodaboda hadi kwako Ng'ambo.

Benedikta kanipokea vizuri, kanipa uji na michembe, vile viazi vyenu vya kukausha. Nikamuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Akasema yuko Kigwa anavuna karanga. Nikasema karanga zote za mkoa huu zimeshavunwa. Akasema, "Shemeji, hilo ndilo jibu nililoachiwa." Akatazama chini, akaniambia huli vizuri, na jogoo umeacha kumsemesha.

Basi nikatoka uani nikamkamata.

Ndiyo. Nimemchukua Balozi. Nimemfunga miguu, nikamtia kwenye kikapu cha mkeo, nikapanda naye treni. Benedikta alijua ninachofanya na alicheka hadi akashika ukuta. Mtani akichukua kitu cha mtani hajaiba, na mwenye mali hapigi kelele polisi. Anafuata mwenyewe, anakomboa. Huo ndio utaratibu, tuliukuta. Ukimwacha, basi utani wa kwetu na kwenu umekufa mikononi mwako, na tanzia yake andika wewe, unajua kuziandika.

Kuku havuki mpaka bila karatasi, na mimi karatasi zangu zinakamilishwa hapa Kigoma. Naondoka Jumatano ijayo. Fedha yako sitaki. Fidia yangu ni Kifaransa, unifundishe kila siku hadi siku ya kuondoka. Usipotokea namchinja Jumanne, namla bila chumvi.

Anawika usiku kucha. Jirani wa chumba cha pili ananichukia.

Aliyemchukua,
Shomari


Tabora, 12 Julai 2024

Kwa Shomari, mwizi wa kuku, mla nazi, mcheza ngoma usiyejua lugha ya watu,

Afya yako siulizi. Nauliza ya jogoo wangu. Anakula? Kamba umeilegeza, au mguu umeshavimba?

Jumapili ile kweli nilikuwa Kigwa. Nilikwenda kusimama kando ya reli nikuone ukipita. Nilitaka nikuone umevimba kichwa, nirudi nyumbani nikiwa na sababu. Treni ikapunguza mwendo, nikakuona umelalia dirisha, mdomo wazi, begi jipya la mafunzo umelikumbatia. Hukuwa umevimba. Wivu ukanishika hadi nikakaa kwenye kokoto. Nilikuwa nimejiambia ukishapita utaisha. Ulipita, reli ikanyamaza, nao haukuisha.

Ulisema utani husemwa usoni. Karatasi ndiyo uso nilio nao leo, basi sikiliza. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyoitaka nyumba hii ninayokaa, na hata sasa naitaka. Tanzia niliiandika nikiwa nacheka, lakini kidole kilichobonyeza hakikuwa kinacheka, na hilo ulilijua kabla yangu. Nikifika huko nitakuonea wivu stesheni, nitakuonea wivu mezani, na Jumatano nitakuonea wivu mpaka gari lako lisionekane. Usinisubiri na moyo mweupe, sina.

Lakini jogoo ni wangu.

Nimekata tiketi ya treni ya Jumapili, na barua hii naitanguliza kwa basi. Benedikta kafunga karanga, na matetea wawili wa mama yako watashuka Kisarawe na binamu yangu anayekwenda Dar. Kamusi ya padri nimeibeba mwenyewe. Zamani tulibeba mizigo kwenda mashariki ninyi mkatudai hongo, safari hii nabeba kwenda magharibi, na Mzaramo ndiye atakayelipa. Tutaanza na bonjour, maana ile yako itavunja uhusiano wa nchi mbili kabla hujafungua begi.

Shikamoo yako ya Juni nakurudishia, sikuipokea.

Mlishe mahindi. Nazi hali.

Mtani wako,
Lugembe