Ukuta wa Kushoto

Mpanda,
Katavi.
9 Juni 2025

Mpendwa shemeji Onesphore,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Mtwara na joto la huko? Apollinarie na watoto hawajambo? Sisi huku tunashukuru, tunavuta pumzi. Mama yenu, Restituta, yuko Kasokola, mahindi amevuna mwenyewe na sasa anaanika maharage. Analalamika tu kwamba ukimpigia simu unaongea haraka haraka kama unafukuzwa.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningelia. Ni habari ya kaka yako. Deo hajafa wala hajalazwa, kwa hiyo soma taratibu.

Pale kwenye stesheneri yangu bado ninayo ile kompyuta ya zamani ya chogo. Ina mchezo wa nyoka: anatambaa, anakula vidoti, anarefuka, akigonga ukuta amekufa. Jumapili moja baada ya Pasaka tulipotoka misa, mimi nikawa nachapa kadi za harusi na Deo ananisubiri. Binti yetu Glory akamwashia mchezo.

Akafa. Akaanza tena, akafa. Glory anacheka mpaka anashika tumbo. "Baba, ukuta!"

"Ukuta gani?"

"Huo hapo, kushoto!"

Deo akageuza kichwa ndipo akauona. Hapo na mimi nikaacha kazi nikaangalia. Shemeji, kulia hakugonga hata mara moja. Juu na chini anakata kona vizuri, dereva ni dereva. Lakini kila nyoka alipokwenda kushoto, alikwenda moja kwa moja ukutani, kama vile ukuta haupo.

Nikachukua rula. Nikasimama nyuma yake, nikaisogeza polepole kutoka kushoto, kidogo kidogo, mpaka ikakaribia pua. Ndipo akashtuka. "Mbona unaniletea rula usoni?"

"Umeiona saa hizi tu?"

Glory akaacha kucheka.

Nilikumbuka kioo cha kushoto cha basi alichokivunja stendi, akasema mwenye gari la pili amemsogelea. Nilikumbuka mbuzi aliyemgonga njia ya Inyonga, akaapa katoka porini ghafla. Na kushoto kwa barabara ndiko wanakotembea watu, shemeji. Wanafunzi, kina mama na ndoo zao, wenye baiskeli za mkaa.

Yeye akasema ni uchovu, na kesho ana abiria.

Asubuhi nilimfuata stendi. Basi linanguruma, abiria wameshakaa, na mimi nimesimama mlangoni na khanga yangu, siwezi kushuka wala kupanda. Nikamwambia, "Baba Glory, nakuomba. Angalia mbele tu, halafu uniambie Maximilian yuko wapi." Maximilian ni konda wake. Alikuwa amesimama mbele ya basi, kwenye taa ya kushoto, anamwangalia.

Deo aliangalia mbele. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Si ameenda kukata tiketi?"

Akazima gari. Aliposhuka funguo zikamponyoka. Akamwambia Maximilian, "Mwite Ambrosi aendeshe. Mimi naumwa." Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona Deo akiogopa. Siku ile nilimwona, na tangu siku ile na mimi sijatulia.

Tulikwenda Mbeya kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha karibu lote, la kulia limeanza kuliwa upande wa pua. Haliumi, haliwashi, ndiyo maana hakujua. Kilichopotea hakirudi. Atatia dawa ya matone maisha yake yote ili kilichobaki kibaki, na usukani ndiyo basi tena. Sasa ananisaidia stesheneri, anafunga vitabu kwa gundi. Kila asubuhi mabasi yakipiga honi, anainamisha kichwa.

Daktari aliuliza kama kwao kuna aliyepofuka. Deo akamtaja marehemu baba yenu. Nyie wote mlisema ni uzee. Daktari akaweka kalamu chini, akasema, "Una ndugu? Waambie wapime. Ugonjwa huu unapita kwenye damu."

Mama tumempima, yeye ni mzima. Umebaki wewe, na wewe uko kwenye lori.

Wasalimie Apollinarie na watoto, Glory anawakumbuka. Deo hajui nimekuandikia, anaona aibu, naomba usimkasirikie. Mungu na akulinde barabarani, mbele na pande zote mbili, mpaka utakapofika kwa daktari.

Usiniambie unaona vizuri, shemeji. Deo naye alikuwa anaona vizuri.

Ni mimi nikupendaye na kukuhofia,
shemeji yako Eufrazia