Tumbawe la Mghoi

Voi, Jumanne usiku

Jumapili nilipoteza tumbawe la mke wangu Mghoi, la kwanza aliloliweka kwenye tangi la maji ya chumvi sebuleni nilipomuoa. Limebaki jeupe kama chokaa.

Nilisafiri wiki mbili, nikamwachia kaka yake tangi. Kila maji yalipopungua aliongeza maji ya chumvi. "Shemeji, si hii ni bahari?" Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Kipimo cha chumvi kimepanda kutoka gramu thelathini na tano kwa lita hadi arobaini.

Mghoi hangekosea. Alikuwa akiongeza maji ya mvua, kikombe kimoja kimoja, akiyasemesha matumbawe kama watoto. Mimi hayanisikii.

Yamebaki mawili. Kesho nampigia huko Bomeni kwa mama yake, alikokwenda kukaa aliponiacha, na sitazunguka: Mghoi, unarudi au hurudi? Nataka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.