Ile Mbili Ndogo

Chumba cha Walimu,
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Dada,

Mgongo unaendeleaje, umepata nafuu? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Mimi mwili mzima, ila moyo umevimba, na nisipoutua kwako sijui nitautua wapi.

Unajua Mama alianguka bafuni mwezi uliopita. Kitinda mimba wetu, fundi wa gesi, alikuandikia kwamba ni uchovu tu, na kwamba mimi ninamsingizia kwa wivu. Ukamwamini. Hukuniuliza hata neno moja, Dada, na hilo limenikata maini.

Hita ya gesi ya bafuni aliifunga yeye, na tundu la hewa akaliziba eti Mama asipigwe baridi. Gesi ya mtungi ikiungua vizuri, molekuli mbili hutaka oksijeni kumi. Mle ndani zinaambulia saba:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

Hesabu mwenyewe: kaboni sita huku na sita kule, hidrojeni kumi na sita, oksijeni kumi na nne. Mlinganyo umekaa sawa, na hiyo CO ni sumu isiyo na rangi wala harufu.

Daktari aliandika CO kwenye cheti cha hospitali cha Mama, kwa wino mweusi. Kilipofika kwangu ilikuwa CO₂, hewa tunayoitoa puani kila siku, na ile mbili ni ya bluu. Huyu nilimfundisha mimi kusawazisha milinganyo, mezani jikoni. Ikimshinda alichomeka namba ndogo kwa siri, nami nikamkaripia: weka namba mbele, ya chini usiiguse, ukiigusa umebadili kitu chenyewe. Mwandiko wake niliujua papo hapo.

Tundu nimelizibua mara mbili. Mara mbili amelirudishia saruji, maana likiwa wazi ni kukiri kosa.

Nikampelekea Mama cheti, nikidhani atashtuka. Akakitazama, akasema, "Nilimwona akiandika. Kalamu nilimpa mimi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Watu wakijua, nani atampa kazi tena? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Kana kwamba mimi niliokotwa.

Dada, mpigie Mama simu leo, kwangu hasikii tena. Wasalimie shemeji na mapacha. Mungu awaweke penye hewa safi.

Wako akupendaye, ingawa umeniumiza,

Mdogo wako

N.B. Nilipokuwa nikiondoka kwake, Mama alichukua taulo na sabuni, akaingia bafuni, akafunga mlango kwa komeo.