Ile Tulionaka mu Tumbo ya Baba

Butembo

Yaya Ananie, kaka yangu mupendwa,

Ninakusalimia mu jina ya Bwana wetu, weye, shemeki Ngalula na batoto. Natumaini hii barua itabakuta na afya, na kazi ya masomo huko Kindu inaendelea. Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Mama alirudia Vuhovi, anaanza kula kidogo, lakini kila jioni anatayarisha maji ya kuoga ya baba, halafu anayamwanga. Mboga ya puaro ya baba tulivuna bila yeye. Jirani yetu Jean-de-Dieu anakuja huko kwa ndege, njo namupatia hii barua mu mukono, juu maneno haya simu ingeyakata katikati.

Siku ile kwa simu uliniuliza nani alimupikiaka baba chakula ku Beni mbele afe. Nilikuuliza habari ya batoto. Ukasema basi umejua, ni Marie-Jeanne, alimuua bwana yake, baba mudogo Mbusa, na sasa amemaliza baba. Hata ku kilio batu balikuwa banasema vile, na bijana bamoja balitaka kushuka Beni kumutafuta. Yaya, ninakuomba uikale, usome mupaka mwisho, njo uamue.

Baba alikuwa anatoka damu akienda choo, tangu zamani. Hakuambia mutu. Alikuwa anakunywa majani, na suruali yake anajifulia mwenyewe ku mutoni. Mama alishangaa kuona muzee wa ile umri anafua, akamufuata siku moja, akaona rangi ya maji. Njo akaniita. Nilimuleta Butembo na pikipiki, amekonda mupaka ametoboa mukanda wake tundu ingine na musumari.

Ku lopitali, munganga Gustave, Mukasai mumoja mupole, alisema anapashwa kumuangalia ndani ya matumbo na mupira murefu yenye kamera ku mwisho. Banaita koloskopi. Baba akauliza ile mupira inapitia wapi. Alipoelezwa, alisimama, akavaa kofia yake, akasema turudie. Unamujua baba, mutu mwenye hakutuonyeshaka hata goti yake. Gustave hakukasirika. Alimufuata mupaka inje, akaikala naye ku benchi, akamwambia kwamba baba yake mwenyewe, kule Mbuji-Mayi, alikatalaka vile vile kwa ajili ya haya, na bakamuzika. Baba akavua kofia.

Balimunywesha dawa ya kusafisha tumbo, siku muzima. Nilikuwa namushika kwenda choo na kurudi, naye anageuza uso. Kesho yake balimulalisha ku ubavu wa kushoto, bakamupiga sindano ya kumutuliza. Alitaka nibaki inje, mais alikuwa anatetemeka, njo Gustave akaniita nisimame upande wa kichwa. Hakulala kabisa. Alikuwa anaangalia ekran, kioo cha ile kamera. Tuliona njia ya ndani, ya rangi ya nyama changa, inangaa, inapinda, inapinda tena. Hata baba alisema polepole kwamba hakujuaka ndani yake ni kuzuri vile. Halafu mupira ikasimama. Kulikuwa kitu kimevimba, cheusi pembeni, kinatoka damu, karibu kimefunga njia yote. Gustave alikata kanyama kadogo ya kutuma Kampala bakapime, mais uso wake ulikuwa umeisha kutuambia.

Alipotoa mupira, aliuliza kama kuna mutu mwingine wa famille mwenye alikufa na tumbo. Baba alifunga macho, nikafikiri usingizi umemukamata. Kumbe machozi ilikuwa inashuka ku mto. Akasema mama yake alikufaka anatoka damu. Na mudogo wake Mbusa vile vile, alikonda, tumbo ikafunga, na sisi bote tukasema ni sumu. Gustave akasema ni ugonjwa mumoja, unapita mu damu ya jamaa, toka kwa muzazi kwenda kwa mutoto.

Baba akauliza: "Donc, Mbusa hakulishwa kitu?"

Gustave akajibu: "Hapana, muzee. Hakuna mutu alimulisha kitu."

Weye ulikuwa masomoni ile wakati, hukuona. Siku tulimuzika Mbusa, baba njo alisimama mbele ya famille akafukuza Marie-Jeanne. Alitoka na mutoto ku mugongo, mvua inanyesha, batu banamutupia udongo.

Majibu ya Kampala yalitoka mabaya, na picha ya tumbo ilionyesha ugonjwa umefika ku maini. Gustave alisema kupasua hakutasaidia tena, baba arudie kwake, akunywe dawa ya maumivu. Baba akasema mbele ya kurudia nyumba, twende kwanza Beni. Nilikatala juu ya barabara, unajua namna banauaka batu mule. Akasema basi ataenda kwa miguu. Tulishuka mu magari zenye zilifuatana nyuma ya basoda.

Marie-Jeanne anauzisha unga ku soko. Alipotuona alisimama, akarudi nyuma. Baba alipiga magoti mu vumbi mbele ya bamama bote, akamwambia kila kitu, hata habari ya mupira, yeye mwenye alificha damu yake kwa bibi yake. Yule mama hakulia. Hakusema amesamehe. Alisema: "Shemeki, ule mutoto nilibeba ile siku, baridi ilimuua mu njia."

Halafu akafunga unga wake, akatupeleka kwake. Baba akamuomba chakula. Alipika fufu na sombe, akaiweka mbele yetu, akakata tonge ya kuonja kwanza, sawa vile mutu anafanya akijua banamushuku. Baba akamushika mukono, akasema hapana, usionje. Akaanza kula yeye, polepole, na ile tumbo yake yenye ilifungwa. Alipomaliza akasema wasingya, asante yetu. Mu njia ya kurudi alitapika yote, na hakujuta.

Donc, jibu ni hili: Marie-Jeanne njo alipika, na baba njo aliomba. Piga simu kwa bijana bale, ubaambie bamuache. Weye ni mukubwa, batakusikia.

Kuna neno ingine, yaya. Mama hajalijua. Gustave aliniambia batoto ba baba bote bapimwe. Kilio ilipoisha nilienda, peke yangu. Mu tumbo yangu balikuta binundu bingi, bidogo. Alikata bile aliweza kukata, mais kimoja kimeanza kugeuka kuwa ugonjwa wa baba. Batanipasua mwezi unaokuja, batoe kipande ya utumbo. Gustave anasema nilikuja mapema, kuna tumaini. Ninaogopa.

Na mwaka jana, ulipokuja Noeli, ulimuambia mama kwamba unaona damu kidogo ukienda choo. Ukacheka, ukasema ni pilipili ya Kindu.

Panda ndege, uje. Usingoje haya iishe kwanza, haitaisha.

Nisalimie shemeki Ngalula, na Elikia, na Jonathan mwenye nasikia ameanza kusoma peke yake. Mungu abachunge.

Ni mimi mudogo wako,
Élise